Zamu ya Bomba

Kazi yangu hapa Saint Paul, Marekani, ni kuua viazi. Nje theluji imefika magotini. Mimi niko ndani ya banda la vioo, bomba mgongoni, naipulizia miche ya viazi mviringo ugonjwa ule ule wa ukungu unaobabua majani kwetu nyanda za juu. Wiki ikiisha, mingi imekuwa myeusi. Naing'oa na kuitupa. Iliyobaki kijani tunaizalisha, kisha watoto wake nao nawapulizia.

Mkenya ninayeishi naye Columbia Heights, muuguzi, hunicheka. "Si ungeingia nursing kama sisi wote? Unalipwa kuua viazi, aki?"

Namwacha acheke. Hajui kwamba kila nikikaza mkanda wa bomba namkumbuka baba mkubwa.

Kijijini kwetu nyumba sita zilichangia bomba moja la dawa, likizunguka kwa zamu. Nikiwa darasa la saba mvua iliwahi, na ukungu ukakaa bondeni siku tatu. Zamu ilikuwa ya mama, mjane. Alinituma kwa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba. Nilimkuta barazani anakunywa chai, bomba limeegemezwa ukutani, kavu kabisa.

"Mwambie mama yako bado nalitumia."

Nilirudi mara tatu, jibu lile lile. Siku ya nne shamba letu lilikuwa limebabuliwa lote na ugonjwa ule, na lake linapendeza. Mwaka ule tulikula ugali kwa mboga za kuokota. Sijamsamehe. Kanisani huku Brooklyn Center wakifika kwenye habari za kusamehe, huwa naangalia viatu vyangu.

Miaka sita tulichagua na kuchagua, hadi tukapata aina moja yenye ngozi nyekundu ambayo hata niipulizie kwa hasira vipi, haidhuriki. Bosi alitaka kuiacha kwa kuwa ina macho ya shimo na ni taabu kumenya. Nilimganda mpaka akachoka. Kituo cha utafiti cha nyumbani kikaipanda, kikaikagua, kisha kikatafuta wakulima wa kuijaribu. Mama alijiandikisha wa kwanza.

Mwezi uliopita baba mkubwa alinipigia nikiwa kituoni nasubiri basi. Aliulizia baridi ya huku, akakohoa.

"Mwanangu, mvua imenimaliza, na dawa haishiki. Viazi vya mama yako vimesimama tu, hata havijapuliziwa. Nimemwomba mbegu."

Moyo ulinidunda kwa furaha, sifichi. Jibu lake nilikuwa nimelitunza tangu darasa la saba. Nikajizuia kidogo, nikamwuliza, "Mama amesemaje?"

Alikohoa tena.

"Anasema bado anaitumia."

Mama alikuwa ameniwahi. Nilicheka mpaka mzee mmoja pale kituoni akanisogelea kuona kama niko salama.

"Basi, baba mkubwa," nikamwambia, "ngoja zamu yako."