Kibanio Puani mwa Pudentienne

Pudentienne wa Kasenga alikuwa na mdomo wa pilipili, ila kila asubuhi kwa kitambo kidogo mdomo huo ulifungwa. Alikamua tumbako iliyolala majini, akavuta maji yake puani, kisha akabana pua kwa kibanio cha tete. Mwenye kibanio hasemi, akisema yote yanamwagika. Ukimsalimia, anaitika kwa kichwa. Wazee wa huku, toka Luberizi alikozaliwa mpaka ziwani, wote wanajua hivyo.

Miaka yote aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na tumbako kwenye meza yake kando ya ukuta wa shule. Meza hiyo ndiyo ilimlisha tangu mumewe afariki. Tangazo lilipotoka kwamba tumbako isiuzwe tena karibu na shule, alitii siku ileile, majani yote akayarudisha nyumbani. Ikabaki ile ya puani tu, na pua ni yake.

Ndipo asubuhi moja, kibanio kikiwa puani, akapita Ishimwe, kijana asiye na kazi ila telefone, akaielekeza usoni mwake.

"Jambo, mama! Bado iko unauzisha wanafunzi tumbako?"

Pudentienne aliitika ile jambo kwa kichwa, taratibu, kwa heshima, kama alivyolelewa. Kichwa kikashuka wakati swali limeshaulizwa.

Kabla jua halijapanda sana, mji wote wa Uvira ulikuwa umeona video.

"Angalieni bibi, amebana pua mafua yake yasiibwe!"

"Sheria ya tumbako ianze na hiyo pua."

"Muntu kama huyu anakaa na watoto wetu? Hiyo meza ichomwe."

Hata Generose, mwenzake wa kwaya, aliyekamua naye tumbako kutoka kopo moja miaka yote, aliandika chini yake: "Nilishamuonya." Akaweka na mikono ya kusali.

Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, akawaita Pudentienne na Generose.

"Mama, watu wamechacha. Muntu mumoja tu aseme kile kichwa kilikuwa salamu, meza inabaki."

"Generose si huyu hapa? Atakuambia."

Generose akanyoosha blauzi yake nyeupe ya kwaya. "Minye? Shefu, minye ni mukristu. Mambo ya kubana pua nitayajulia wapi?"

Meza ikang'olewa jioni ile, vijana wakishangilia, telefone juu.

Juma halikuisha, Generose akabisha mlango wa uani, amevaa tayari kwenda kwaya.

"Pude wangu, unisaidie kidogo tu. Kichwa kinanipasuka."

"Ingia, mwenzangu. Weye si mugeni hapa."

Pudentienne akamkamulia tumbako ya kutosha watu wawili, akambana pua kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamkamata kiganja. Hakukiachia. Alimburuta barabarani mpaka kwa shefu, Generose akigugumia kama mbuzi aliyefungwa mdomo, watoto nyuma yao wakipiga vigelegele.

"Shefu, muulize tena. Anakijua kibanio, hakijui?"

Generose akafungua mdomo akane. Maji meusi yakatoka mdomoni, yakatoka puani, kibanio kikaruka, blauzi nyeupe ikachafuka mpaka kiunoni. Shefu alicheka hadi akakaa chini. Ishimwe alikuwa hapo, akapiga video yote.

"Basi meza yangu inarudi?"

Shefu akafuta machozi. "Aa, mama! Shemeji yangu iko pale na biskuti zake tangu jana. Mushahidi wako ungemuleta mapema."

Sasa Pudentienne anatandaza ndagala chini, juani, huko Kilibula, na wasiojua jina lake wanamwita Bibi Kibanio. Generose hajaonekana tena kwaya. Kila asubuhi Pudentienne anamwomba jirani amwonyeshe ile video ya pili, anacheka mpaka mbavu zinamuuma. Halafu anakamua tumbako, na mkono umezoea vibaya, bado unapima ya watu wawili. Ile ya pili anaimwaga chini, anaitemea mate, ndipo anabana pua yake.