Aglaia Hakulipia Kiti

Aglaia Ciubotaru alikuwa na orodha ya vitu ambavyo binadamu hapaswi kulipia: maji ya kunywa, chumvi ya kuazima kwa jirani, maungamo kwa kasisi, na kukaa karibu na mtoto wako. Kwamba kasisi wetu wa kule kijijini, juu ya mji wa Moinești huko Romania, alipokea bahasha kwa kila jambo, kuanzia ubatizo hadi kubariki trekta, hilo halikumsumbua. Alisema ile ni zawadi. Ukibishana naye unashindwa kwa sauti, si kwa hoja, na mimi nimeshindwa naye mara nyingi tangu tulipokuwa darasa moja.

Maisha yake si ya kuandikiwa kitabu. Alifuma soksi katika kiwanda cha Bacău mpaka kiwanda kikafungwa. Akaolewa na mwanamume mpole aliyekwenda Uhispania kuchuma stroberi kwa msimu mmoja, na msimu huo haujaisha mpaka leo. Binti yao wa pekee, Ilinca, alipofika miaka minne, Aglaia alimwacha kwa mama yake, bibi Varvara, akapanda basi kwenda Torino kumtunza kikongwe wa Kiitaliano asiyeweza kutembea. Aliaga kwa mwaka mmoja. Ikawa tisa.

Nasi wengine tulifanya hivyo hivyo, kwa hiyo simsemi. Kila alasiri, kikongwe akilala, Aglaia alipiga simu nyumbani. Bibi Varvara aliiegemeza simu kwenye kopo la sukari, Ilinca akaandika masomo yake ya shule, na Aglaia akamenya viazi upande wa pili, wote kimya. Akiulizwa mtoto anaendeleaje, alijua mpaka namba ya viatu. Siku moja kwenye simu alijisifu kwa mama yake kwamba amemlea Ilinca vizuri ingawa yuko mbali. Bibi Varvara alikuwa anachambua maharage. Akamjibu, "Kuzaa si kazi, mwanangu, kazi kulea," akaendelea na maharage yake. Aglaia alicheka, lakini alinisimulia kisa hicho mara tatu ndani ya wiki moja.

Miaka hiyo tulisafiri kwa basi, siku moja na nusu barabarani, na basi lilikuwa na sheria zake. Namba za viti zilikuwa pambo. Mmoja wa familia alitangulia kupanda na kutandaza koti juu ya viti vya wenzake, na koti likishatandazwa, hakuna aliyethubutu kuligusa. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Kwenye basi letu asiyekuwapo lake lilikuwapo, mradi kuna koti. Nimeona mwanamume mwenye mabega kama mlango akisimama hadi mpaka wa Hungaria kwa sababu ya sweta la mtoto. Aglaia alikuwa bingwa wa kutandaza. Aliwahi kuwashikia watu tisa viti kwa koti moja na mitandio.

Baadaye zikaja ndege za bei nafuu, na kiti kikawa na bei yake mbali na tiketi. Ukilipa, unachagua pa kukaa. Usipolipa, unapangiwa na mashine, na mashine haijui ndoa wala uzazi. Mtoto aliyezidi miaka kumi na miwili huhesabiwa mtu mzima na hutupwa popote. Aglaia aliuchukulia mpango huo kama tusi. Alisema wanamuuzia mtu ubavu wa mwanawe mwenyewe.

Agosti ya mwaka jana ndipo alipokwenda kumchukua Ilinca moja kwa moja. Alikuwa amepata nyumba ya vyumba viwili, shule imemwandikisha mtoto, karatasi za mwanasheria zimegongwa mihuri. Ilinca alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu, si msemaji. Bibi Varvara hakuja uwanjani. Aliwaagia kwenye geti lake, mikono ndani ya aproni, akarudi kuwatazama kuku kabla gari halijakata kona. Ilinca hakulia. Aglaia, ambaye alikuwa ameliogopa sana geti lile, aliniambia njiani kwamba mtoto ni mkakamavu, amerithi kwake.

Nilikuwa nasafiri nao. Mimi nilikuwa nimelipia kiti cha mbele karibu na njia, maana kibofu changu hakina siasa. Aglaia alinicheka kwenye foleni ya uwanja wa Bacău, akanipigia hesabu ya nyama ambayo ningenunua kwa fedha ile. Yeye alikuwa amemwachia Ilinca kazi ya kuchukua karatasi za kupandia, kwa kuwa mambo hayo hufanywa kwa simu na vidole vyake vimezoea sindano. Alimpa agizo moja tu: asilipe senti kwa ajili ya viti.

"Mashine imetutawanya," Ilinca alimwambia pale kwenye foleni. "Mimi safu ya tatu, wewe ya ishirini na nne."

Nilidhani Aglaia atapandisha hasira. Alitabasamu. Alisema ndege ina watu, na watu husikia wakiombwa. Saa mbili na robo za kukaa na mtoto wake, bila kikongwe wa kugeuza kitandani, bila kopo la sukari katikati, alikuwa amezingoja miaka tisa. Alikuwa amepanga hata ya kusema. Angeanza na shule, kisha chumba, kisha polepole angefika kwenye ile habari ya kwa nini mwaka mmoja ulikuwa tisa. Aliniambia hayo huku akinishika mkono.

Basi akafanya alichokijua. Alipenya foleni, akapanda wa kwanza kwa ngazi ya mbele, akafika safu ya tatu, akatandaza koti lake juu ya kiti kilicho kando ya Ilinca. Ndege ile ilikuwa na viti viwili viwili kila upande. Ilinca alikaa dirishani, koti likakaa kando yake, na Aglaia akaenda nyuma kutafuta pa kuweka mzigo wake wa jibini na soseji.

Mwenye kiti akaja. Alikuwa mjenzi mnene wa kutoka mji wa Roman, jina lake Haralambie. Nilimjua kwa sababu ngazi ya kwetu Torino imejengwa na yeye na imepinda. Akaliona koti. Nilimwona akisita, kwani naye ni mtu wa mabasi. Kisha akakumbuka yuko wapi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya magoti yake na kukaa. Aglaia aliporudi alimkuta amelipakata kama mtoto mchanga.

"Kaka, hapo pana mtu," Aglaia akasema.

"Naam, pana mtu. Mimi."

"Huyu ni mwanangu."

"Na mimi ni mwana wa mtu, dada. Nimelipa niwe mbele ili nishuke mapema, nina treni ya Cuneo. Ukikaa hapa bure, mimi nimelipia nini?"

Watu waliokuwa nyuma yao walitoa maoni, kama kawaida yetu. Mmoja alisema mama na mtoto hawatenganishwi hata sokoni. Mwingine akasema kama ni hivyo kila mtu atazaa ili akae dirishani. Mimi nakiri kwamba moyoni niliona Haralambie ana haki na Aglaia ana haki, jambo ambalo halimsaidii yeyote kupata kiti. Mhudumu akaja, binti mwenye rangi nzuri ya midomo na subira ndogo, akamwomba Aglaia aende safu ya ishirini na nne la sivyo ndege haiondoki. Aglaia akachukua koti lake. Wakati haya yote yakiendelea, Ilinca alikuwa akitazama bawa la ndege.

Tukaruka. Watu wakapiga ishara ya msalaba, watoto wakalia, mmoja nyuma akafungua mayai ya kuchemsha. Taa ya mikanda ilipozimwa tu nikasikia hatua za Aglaia. Mkono mtupu haulambwi: alikuja na mkate mtamu wa kokwa za jozi aliouoka bibi Varvara, mzima, ukiwa umefungwa kwenye kitambaa, na mkono wa pili alishika euro ishirini.

Hakupaza sauti safari hii. Alimwambia Haralambie kwamba anajua kiti kimelipiwa, naye anakinunua. Fedha aliyoinyima kampuni anampa yeye, na mkate juu yake. Kisha akamwambia habari ya miaka tisa, kwa kifupi, kama mtu anayemweleza daktari mahali panapouma. Haralambie akakuna shingo. Akauliza mtoto alikuwa na miaka mingapi alipoachwa. Aliposikia minne, alifungua mkanda.

"Weka hela yako," akasema. "Treni zipo nyingine. Mkate nachukua."

Akajivuta kutoka kitini kwa shida, akasimama njiani, mkate kifuani. Nilimwona Aglaia uso mzima. Nimemjua miaka arobaini na sijawahi kumwona na uso ule, hata siku ya harusi. Nilifurahi kwa ajili yake, nasema wazi, nilifurahi hadi macho yakaniwasha. Akainama aingie.

"Mama," Ilinca akasema, bado akitazama nje. "Hiki kiti changu nimekilipia."

Aglaia akabaki ameinama, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti.

"Umelipia nini?"

"Euro kumi na nne. Zile alizonipa bibi siku ya mtakatifu wa jina langu. Mashine haikututawanya. Nilichagua mwenyewe."

"Kwa nini, mwanangu?"

Nilijitia kutafuta kitu kwenye mkoba.

"Nataka kumlilia bibi mpaka tufike," akasema. "Ukiwa hapa siwezi. Itabidi ninyamaze, usije ukaumia. Kwenye geti nilinyamaza kwa ajili yako."

Wala hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira, Aglaia angejua la kufanya, maana kwa ugomvi hana mpinzani. Alisimama wima taratibu. Mhudumu alikuwa anakuja na kigari cha kahawa, akawauliza hao wawili waliosimama kama wanakaa au hawakai. Nilidhani Aglaia atasema kuwa yeye ndiye mama, kwamba kila kiatu na kila daftari ni yeye. Neno hilo lilikuwa mdomoni, nililiona. Akalimeza.

Akamgusa Haralambie kwenye kiwiko.

"Rudi ukae, kaka," akamwambia kwa sauti ya chini. "Ila mgeuzie mgongo. Alie."

Haralambie alikaa upandeupande, magoti yote mawili nje kwenye njia, mgongo wake mpana ukimfunika mtoto, na mkate wa bibi Varvara ukiwa mapajani bila kufunguliwa. Aglaia alikwenda zake safu ya ishirini na nne. Kigari cha kahawa kilimgonga Haralambie magoti wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, mhudumu akamwambia mara mbili akae sawasawa, naye hakugeuka mpaka Torino.