Sampuli ya Piano

Piano ya kanisa letu, Ushirombo, iliharibika sauti mpaka misa ikawa adhabu. Mimi ndiye mwalimu wa kwaya, nikatafuta mpaka nikapata fundi aliyesomea piano, anatoka Mwanza.

Kamati ya kwaya ikagoma. Nusu yao ni wachimba dhahabu, na mchimbaji hanunui mawe kabla ya kupima sampuli. Wakaleta na fundi wao, mchomeleaji anayetengeneza mashine za kusaga mawe kule Segese. Wakaamua kila fundi arekebishe kitufe kimoja tu, halafu tusikilize.

Wa Mwanza aliinamisha sikio, akakaza waya taratibu kama anayemlisha mtoto uji. Mchomeleaji alitoa spana, akakaza, akalegeza, akaomba maji ya kunywa.

Nikapiga wimbo wa Jumapili. Kitufe cha mchomeleaji kilielewana vizuri na vile vibovu vyote. Cha Mwanza kikalia peke yake, safi kabisa, na wanakwaya wakakunja nyuso.

"Mwalimu, umesikia?" mwenyekiti akasema. "Huyu wako ametuharibia."

"Hicho ndicho kizima!" nikafoka. "Vingine vyote ndivyo vibovu!"

"Vyote hivyo?" akauliza mama mmoja, kwa huruma, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

Mchomeleaji akapewa kazi. Alianza na kitufe cha Mwanza, akazungusha spana mara moja, kwaya ikapiga makofi.

"Kumbe kilichokuwa kinasumbua," akasema, "ni hiki hiki."