Kumtafuta Fundi Aliyetiwa Saruji Mgongoni

Niliondoka kwetu Mwingi kwa sababu nilichoka kuambiwa. Pingili moja ya uti wangu wa mgongo ilibonyea nilipoinua gunia la ndengu, na daktari akapendekeza kuingiza saruji maalumu ndani ya mfupa kwa sindano ili kuushikilia. Habari zilipofika kanisani, kila mtu akawa bingwa wa mifupa. Fundi mmoja wa mji wa Wote, walisema, alitiwa saruji hiyo akafa akiwa mgumu kama jiwe. Niliuliza ni nani aliyehudhuria mazishi. Hakuna. Nikajifunga mkanda wa mgongo, nikamwambia binti yangu Kalekye awashe gari.

"Baba, si upige simu tu?"

"Simu nayo ni kuambiwa. Endesha, na mashimo uyaone kabla mimi sijayasikia."

Mjini Kitui tulikunywa chai. Mwenye hoteli alinihakikishia kwamba fundi hakufa. Alipooza mwili mzima. Kwa mwendo wa asubuhi moja, marehemu alikuwa amefufuka.

"Umemwona?"

"Mimi hapana, mzee. Shemeji yangu anajua mtu wa huko."

Tulipopita Wamunyu maumivu yalinizidi. Nilishuka, nikashikilia mlango, jasho likinitoka. Kalekye alitaka turudi, nikakataa. Atakayelala juu ya meza ya upasuaji ni mimi, si hao wanaosimulia. Nilitaka kujua iwapo nitainuka pale na miguu yangu miwili.

Mjini Wote tulifika alasiri, na mtu wa kwanza sokoni akatuelekeza kwa Fundi Kilonzo. Tulimkuta uani, amekonda, ameegemea fimbo, akimfokea mbuzi.

"Wewe ndiye uliyekufa?" nikamuuliza.

"Kwenu nimekufa?" Alicheka hadi akashika kiuno. "Hapa wananiambia nimepooza tu. Karibu, mzee, keti."

Alinieleza bila kupamba. Maumivu ya mgongo yalipungua siku ileile. Hata hivyo, saruji kidogo ilivuja nje ya mfupa ikabana neva, na mguu wa kushoto una ganzi mpaka leo.

"Hiyo daktari aliniambia mapema inaweza kutokea," alisema. "Nikakubali."

"Na huku kukonda?"

Mkewe, Syombua, alimtangulia kujibu. "Huko ni ujenzi! Daktari alisema simiti hiyo inashika hapo hapo, mgonjwa aamke atembee. Huyu na mafundi wenzake wakakataa. Eti lazima imwagiliwe! Mwezi mzima amelala kifudifudi, magunia ya maji mgongoni, kama tangi ya shule!"

"Nimejenga matangi maisha yangu yote," Kilonzo akajitetea. "Simiti bila maji inapasuka. Ningejuaje?"

"Ungemuuliza aliyeitia," nikasema.

Alitazama chini. Kulala kule kulimla misuli na kuidhoofisha mifupa zaidi. Baadaye pingili ya juu nayo ikabonyea. Hilo, daktari alimwambia, lingeweza kutokea hata pasipo magunia, lakini kitanda hakikumsaidia.

"Ungerudia?"

"Simiti, ndiyo. Kumwagilia, hapana."

Tulilala mjini Wote, tukarejea kesho yake. Tulipopita Kitui nilimwona daktari wangu, nikamtaka anieleze mabaya yote. Alikiri uvujaji, kisha akaongeza jambo ambalo hakuna mnong'onaji aliyelifikia: tone laweza kuingia katika mshipa wa damu likafika mapafuni. Wao huifuatilia saruji kwa picha wakati wa kuiingiza, alisema, lakini hakuniahidi chochote. Nilimwamini kwa sababu hiyo.

Jumapili nilisimama kanisani. "Fundi Kilonzo anawasalimu," nikasema. "Ni nani kati yenu aliyewahi kumwona?" Kisha mzee mmoja wa kanisa akanisihi nisiende kujiua.

Nilimjibu, nami nawajibu wasomaji wangu vivyo hivyo: nilijifunza kwamba hatari ipo, wala si ile niliyotishiwa nayo. Naifahamu kwa jina, na najua inapoweza kupita. Jumatatu naingia upasuaji. Mguu wangu ukifa ganzi, utakufa kwa uamuzi wangu mwenyewe. Na jioni hiyohiyo, daktari akiniruhusu, nitashuka kitandani nitembee.