E ya Elfu

Aliyesema jua liko sokoni Malindi ni mimi. Kila harusi ya ukoo dada yangu mkubwa akiisimulia habari hii, mimi huapa kwamba ni yeye, na kwa kuwa mimi nimesoma chuo kikuu naye hakusoma, watu huniamini mimi.

Nilikuwa kidato cha pili, yeye cha nne, na kikokotoo chetu kilikuwa kimoja, vitufe vimefutika alama kwa kubonyezwa. Baada ya chakula cha mchana tulikaa mkekani, mlango wazi upepo uingie, mama kando yetu akipepeta mchele. Mchana ule nautamani hata leo, pamoja na ile sauti ya ungo.

Swali lilitaka umbali wa jua. Mwangaza hukata mita milioni mia tatu kwa sekunde, na hutumia kama sekunde mia tano kutufikia. Dada akaandika: x gawanya kwa milioni mia tatu ni sawa na mia tano.

"Unataka x ibaki peke yake," akasema. "Imegawanywa, basi wewe zidisha, huku na huku."

Nikazidisha. Kioo kikaonyesha 1.5E11.

"Moja nukta tano elfu, na kumi na moja," nikasoma. E ingekuwa nini kama si elfu? "Mita elfu moja mia tano na kumi na moja."

"Yaani jua liko sokoni?"

"Ndiyo maana Malindi kuna joto."

Mama akatua ungo. "Ukienda kuliona, niletee ndimu."

Dada alicheka mpaka akalala chali. "E hiyo ni kuzidisha kwa kumi, wewe nawe, mara kumi na moja! Isogeze nukta kulia hatua kumi na moja, tarakimu zikiisha jaza sufuri."

Nikajaza. Bilioni mia moja na hamsini. Nikanuna mpaka magharibi.

Juzi dada alinipigia simu kutoka Mariakani, anakoishi sasa. Binti yake ameisoma E kuwa elfu mbele ya darasa zima, wamemcheka, na sasa anataka kuacha fizikia.

"Nimemwambia hata wewe ulikosea, haniamini. Ati mama mdogo hawezi kukosea. Miaka yote umenikana. Leo usinikane."

Akampa simu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Aliyesema jua liko sokoni ni wewe au ni mama?"

Jibu langu la kila harusi lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza.

"Ni mimi. Tena nilibisha."

Akaangua kicheko, kilekile cha mama yake.

"Lo! Na fizikia ukaipita?"

"Niliipita. Alama usiniulize."

"Basi usikate, mama mdogo, nichukue kalamu. Kuna hii nyingine, x yenyewe iko chini ya mstari."