Kanda Iliyomenya Kahawa

Nakumbuka Jumamosi moja ya Julai, saa tisa na nusu alasiri, hapa kwetu Ukata. Mwanangu, sijakuzaa bado, nina miaka kumi na sita, usicheke. Nakuandikia mapema kabla sijasahau.

Majirani walikuja kutusaidia kuchuma kahawa, kama sisi tunavyokwenda kwao. Tukachuma nyingi kupita kiasi. Kahawa mbivu hailali na maganda. Ikilala inachacha, na jasho la Babu la mwaka mzima linaishia daraja la mwisho. Mashine yetu ya kumenyea ni ya kuzungusha kwa mkono. Walipokezana mpaka mikono ikagoma. Mama Komba, jirani yetu, akakaza khanga kiunoni.

"Mzee, tusamehe. Sisi si punda."

Babu alitazama tu magunia yaliyobaki.

Mimi nilikuwa jikoni na siri yangu: redio kaseti na kanda ya zamani aliyoniachia mjomba, vinanda vya umeme vitupu, hakuna anayeimba. Naipenda mno. Shuleni waliniita Bi Friji kwa ajili yake, eti muziki wangu unanguruma kama friji; tangu hapo naisikiliza nimebana sikio kwenye spika. Lakini mdundo wake, mwanangu, hauchoki. Hauchoki kabisa! Nikawaza, je, mkono ukiufuata?

Nikatoka, nikaiweka redio juu ya ndoo iliyofunikwa, nikafungulia sauti mpaka mwisho.

"Yesu na Maria! Hiyo inaimba au imeharibika?" akauliza Mama Komba.

Wakacheka. Nikashika mpini, nikazungusha kwa mdundo, macho chini. Maganda yakaruka. Mtu akaanza kupiga makofi, kisha wote.

"Sogea, mchumba," Babu akaniambia, akishika mpini. "Kumbe ulituficha kitu kama hiki? Mficha uchi hazai."

Niliona haya, maana methali yenyewe unaijua. Tuligeuza kanda mara mbili. Gunia la mwisho likaisha jua likiwa bado mlimani, na Mama Komba akapiga vigelegele kuliko siku ya harusi.

Mwanangu, unachokipenda peke yako usikionee haya. Huenda ndicho wenzako wanachokihitaji, ila hawajui kukiomba. Kukitoa kunatisha, lakini hofu inapita. Mungu akupe sikio lako mwenyewe, na mkono wa kufungulia sauti.

Kesho yake, baada ya misa ya asubuhi, nilimfuata Mama Komba mbele za watu, nikasema kwa sauti, "Shikamoo, mama. Mkimenya kwenu, niiteni nije na redio yangu."