Jioni Niliyomzungusha Mzee wa Ng'ombe

Meneja wetu aliwahi kukaa Nairobi, na watu waliowahi kukaa Nairobi enzi zile walikuwa hawaponi. Hoteli yenyewe ilikuwa na vyumba vichache, bomba la maji moto lililotoa maji baridi ya kahawia, na jogoo wa jirani aliyetuamshia wageni. Lakini akili yake yeye ilikuwa kwenye taa za rangi. Siku moja akatukusanya jikoni akatangaza kwamba sasa hoteli itakuwa na kitu kinaitwa Jioni ya Iringa. Mgeni anapandishwa Kombi, anazungushwa mjini, anashushwa Ruaha Mdogo kula chakula kando ya mto, kisha anarudishwa ukumbini kutazama kabare. Mpishi akauliza kabare ni mboga gani. Meneja akasema ni wasichana wanaocheza huku watu wanakunywa. Mpishi akasema, hiyo mbona ipo kila Jumamosi kilabuni Kihesa, tena bure.

Mwongozaji nikateuliwa mimi. Nilikuwa mapokezi, na sifa yangu kubwa ilikuwa mdomo. Mama alikuwa akisema mdomo huu utaniponza, na kwa kweli mwaka ule ulikuwa umeshaanza kuniponza.

Nilikuwa na mchumba. Alikuwa fundi wa magreda, Mnyakyusa wa Rungwe anayefanya kazi Mbeya, na tulifahamiana alipokuja kutengeneza greda lililokufa njiani akalala hotelini kwetu. Greda lilipona upesi, yeye akaendelea kulikagua. Nilimpenda, sitafuni maneno. Kwetu walishakubali. Kwao kila mtu alikubali isipokuwa baba yake, na ng'ombe wa mahari walikuwa wa huyo baba. Mzee alikuwa amegoma. Alisema sisi Wahehe tuna hasira, na yeye haweki moto ndani ya nyumba ya nyasi. Asipotoa ng'ombe, hakuna ndoa, basi. Mchumba wangu aliniomba nitulie, nisubiri, nisiseme neno. Mimi huyo!

Jirani yetu pale Kihesa alikuwa mama wa Kinyakyusa, muuza maandazi, akajitolea kunifunda mila za huko. Akaniambia ng'ombe wakishakabidhiwa, baba mkwe humtazami tena maisha yako yote. Mkikutana njiani unaingia kwenye migomba. Akiingia mlango wa mbele, wewe umeshatoka wa nyuma. Jina lake hulitaji, na hamsemezani. Nikamwambia mama wee, kwa mzee kama yule hiyo si adhabu, hiyo ni zawadi. Akanipiga na mwiko.

Sasa siku hiyo, masika, wakaja wageni kutoka Rungwe. Walikuwa wakulima wa chai na kahawa walioletwa kwenye semina ya kilimo cha kisasa, wanaume watupu, makoti marefu na mabuti ya mvua, na wote walikuwa na beji kifuani kasoro mzee mmoja mwembamba. Nilipomuuliza beji yake iko wapi, akasema imechoka semina, imelala. Nikampenda palepale. Nikamkalisha kiti cha mbele karibu na mimi.

Kombi ilipowaka tu, nikageuka nikawauliza kama kuna anayemfahamu mzee fulani wa kijiji fulani, nikamtaja baba mkwe wangu mtarajiwa kwa jina lake lote. Kombi nzima ikakohoa. Mmoja akatazama dirishani kama vile anatafuta ng'ombe aliyepotea.

"Namfahamu," akasema yule mzee mwembamba. "Mtu mgumu sana yule."

"Na bahili," nikasema.

"Mno," akasema. "Umemjuaje?"

Nikamwambia tuanze kwanza matembezi, habari za bahili zitakuja na chakula.

Nikawapeleka bomani, nikawaonyesha kuta za Wajerumani nene kama nini, nikawaambia walizijenga hivyo kwa kutuogopa sisi. Mzee akasema hata yeye akikaa na Wahehe angejenga hivyohivyo. Nikawapandisha Gangilonga, jiwe kubwa lile juu ya mji, nikawaeleza kwamba jina lake ni jiwe linalosema. Wakasimama kimya kwa adabu, kofia mkononi. Jiwe likanyamaza. Mzee akalisogelea akaligonga na fimbo, akaliambia, "Sema basi, tumetoka mbali." Kisha akanigeukia: "Limeona wewe unasema, limekata tamaa."

Tulipofika Uhindini matembezi yakavunjika. Pale dukani kwa mzee mmoja wa Kihindi kulikuwa na foleni, na mtu akapita mbio akipiga kelele kwamba sabuni imetoka. Wageni wangu wakaruka kutoka kwenye Kombi kabla dereva hajakanyaga breki. Nikawaita, nikawaambia kuna jengo la zamani mbele. Nani ana shida na jengo wakati kuna sabuni? Mwishowe na mimi nikapanga foleni. Yule mzee alikuwa ameniwekea nafasi, anagombana na mama mmoja kwa ajili yangu, anamwambia, "Huyu ni mtoto wangu, yuko hapa tangu mchana." Alidanganya bila hata kupepesa. Tukaendelea na ziara huku kila mmoja amepakata mche wake wa sabuni.

Mtoni, meneja alikuwa ameagiza meza ziwekwe karibu kabisa na maji, ndivyo alivyoona kwenye picha za Ulaya. Ulaya labda mvua hainyeshi milimani. Ruaha Mdogo ilikuwa imejaa, na tulipokaa tu maji yakaanza kutulamba viatu. Nikawaambia wageni tuhame. Hakuna aliyesogea, kwa sababu nyama ilikuwa imeshafika mezani. Wakala hivyohivyo, mabuti ndani ya maji, na ulanzi mtamu, pombe yetu ya mianzi, ukizunguka kwenye vikombe.

Mzee akachukua pande la nyama, akalitazama kwenye mwanga wa karabai. "Mwongozaji," akasema, "huyu alipokuwa hai alikuwa analia au anabweka?"

Wenzake wakaangua kicheko. Utani huo wa kula mbwa Wahehe tumetaniwa tangu tuzaliwe, lakini alivyousema yeye, na uso mkavu vile, hata mimi nilicheka mpaka ulanzi ukanitoka puani. Nikamwambia, "Kula mzee. Akibweka tumboni, tutamfungia mlango."

Ndipo akaniuliza habari za yule bahili. Ulanzi ulikuwa umenilegeza. Nikamweleza yote: greda, mchumba, moto na nyumba ya nyasi. Nikamwambia yule mzee anawapenda ng'ombe wake kuliko watoto wake, na labda hata usiku anawafunika blanketi. Kila nikisema, wale wengine wanainamia sahani. Mmoja akapaliwa, ikabidi apigwe mgongoni.

"Na ukikutana naye uso kwa uso," mzee akauliza, "utamwambia nini?"

Hasira ikanipanda kweli. "Nitamwambia kaa na ng'ombe zako! Zikupikie, zikufulie, na ukiugua zikukande. Mwanao niachie mimi."

Nikasikia mto tu. Mzee akaweka nyama chini, mabega yakaanza kumtetemeka, nikadhani nimemuudhi kwa ajili ya rafiki yake, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia. Na mimi, sijui ni ulanzi au ni nini, nikaanza kulia. Nikamwambia, mzee wangu, maneno ni mengi lakini naogopa. Nampenda yule kijana. Baba yake akikataa, sitaolewa na mtu mwingine, nitabaki hapa nawaonyesha watu jiwe lisilosema.

Mzee akasogeza karabai karibu. "Hebu geuka huku," akasema, "nikuone vizuri." Nikageuka, kamasi na machozi vyote. Akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kukariri kitu. Kisha akasema maji yamefika magotini, twende kwenye hiyo kabare.

Kabare! Meneja alitaka miguu ya wasichana ionekane. Katibu wa tawi la chama, enzi zile sketi zikipimwa urefu, alitaka isionekane hata kidole. Wakapatana: wacheza shoo wetu, ambao mchana walikuwa wakitandika vitanda, wakavalishwa magauni ya kuburuza mpaka chini, na katibu mwenyewe akakaa mstari wa mbele kuhakikisha. Wakawa wanateleza jukwaani kama makabati yanayohamishwa. Baada yao akaja fundi cherehani wetu na mazingaombwe. Alikuwa atoe njiwa ndani ya kofia, lakini njiwa alikuwa amelala, akatolewa amelala, akawekwa mezani, akaendelea kulala. Wageni wa Rungwe wakashangilia kuliko kama angeruka.

Bendi ilipoanza rumba, mzee akasimama mbele yangu na mabuti yake yanayovuja maji. Nikamwambia mwongozaji hachezi na wageni. Akasema beji yake imelala, kwa hiyo yeye si mgeni. Basi tukacheza. Alikuwa hajui kabisa kufuata mdundo, anakanyaga pale ngoma isipokuwepo, tena kwa uhakika, hata nikaona bendi ndiyo inayokosea. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Katibu wa tawi akatutazama akatafuta kosa, hakuliona.

Kuagana, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, hakuuachia upesi. "Ndaga, mwongozaji," akasema. Asante. "Umenizungusha vizuri." Kombi ikaondoka kuwapeleka walikofikia. Nikalala na furaha, sijui hata kwa nini.

Haukupita muda, ng'ombe wakatolewa. Wote, tena wazuri! Mama akasema ni maombi yake. Muuza maandazi akasema ni mafunzo yake. Nikaolewa, nikapelekwa Rungwe nimefunikwa kitenge kichwani, macho chini, na mawifi wakiniongoza kama kipofu ili nisije nikamwona baba mkwe kwa bahati mbaya. Wakaniingiza nyumba ya jikoni, ya mianzi na udongo. Nikapiga magoti nikakoroga chungu. Nje, upande wa pili wa ukuta, mtu akakohoa. Kisha akamsemesha mbuzi.

"We mbuzi," akasema, "hebu niulizie humo ndani. Hiyo nyama inayopikwa, ilikuwa inalia au inabweka?"

Mwiko ukaanguka. Nikakumbuka ubahili, nikakumbuka blanketi za ng'ombe, nikatamani ardhi ipasuke. Nikainuka nikataka kutoka nimwone, nihakikishe. Mama mkwe akanivuta kitenge nikakaa kitako. "Haiwezekani tena," akaninong'oneza, naye anacheka kimyakimya. "Ndiyo maana alikwenda mapema."

Akanieleza. Hakuna aliyemwita kwenye semina ile. Alisikia majirani zake wanakwenda Iringa, akadandia lori lao, kwa sababu nikishakuwa mke wa mwanawe hataniona tena. Alisema mtu hawezi kuishi na mkwe miaka yote bila kujua sura yake, na kama ni moto, basi kwanza aukaribie aone unaunguza au unapasha.

Nilijifuta uso. Nikamwambia kuku aliyekuwa mlangoni, kwa sauti, "Kuku, mjibu huyo mbuzi. Mwambie nyama ilikuwa inauliza maswali mengi, ndiyo maana ikachinjwa." Nje, nikasikia yale mabega yakicheka. Siwezi kueleza vipi mtu anasikia mabega, lakini niliyasikia.

Tuliishi hivyo. Miaka yote ya ndoa yangu sikuvunja mila hata mara moja, nilikimbilia migombani na ujauzito, nilikimbia na mtoto mgongoni. Yeye akisema na mbuzi, mimi namjibu kuku. Tuligombana kwa njia hiyo, tulipatana kwa njia hiyo. Mume wangu akisema sisi wawili tungepewa nafasi ya kutazamana tungemaliza maneno.

Mzee alipougua ile ya mwisho nilikuwa nimekaa nje ya ukuta wa chumba chake, namsikiliza anavyopumua. Mbuzi hakuwepo. Akasema hivyohivyo, kwa sauti ndogo, "Mbuzi, mwambie mwongozaji anizungushe."

Nikaanza. Sikumtafuta hata kuku. Nikampandisha Kombi, nikampa kiti cha mbele. Nikampeleka bomani, nikampandisha Gangilonga, nikamwambia jiwe bado halijasema. Nikampangia foleni ya sabuni. Nikamkalisha mtoni, maji yakapanda, tukakataa kuhama. Nikamwamsha njiwa. Nilipofika kwenye rumba nikasikia vidole vyake vinagonga ubao wa kitanda, nje ya mdundo kama kawaida yake. Niliendelea kusimulia, na vidole vikaendelea, kisha kimojakimoja, kisha sikuvisikia.

Mama mkwe akatoka mlangoni, akanishika bega, akasema basi mwanangu, inatosha.

Nikamwambia ngoja kwanza, mama, bado sijamrudisha kwenye Kombi.